Nyoka Mwenye Pupa na Mkono Unaomlisha

Sanya Juu ni nchi ya mahindi na maharage, na penye mahindi hapakosi panya. Panya wakijaa stoo, nyoka hayuko mbali. Kwa wakazi wengi wa wilaya yetu ya Siha, kuanzia walioko mgombani hadi wafugaji wa upande wa Ngare Nairobi, habari ya mtu na nyoka huishia hapo: anaonekana, watu wanapiga yowe, anauawa. Lipo lakini kundi dogo la watu ambao kazi yao ni kinyume cha hayo, kwani wao humpelekea nyoka chakula. Wapo kwenye bustani za nyoka kama Meserani, kando ya barabara inayotoka Arusha kuelekea Makuyuni, ambayo imekuwa ikipokea wageni tangu 1993. Wapo Bio-Ken huko Watamu, Kenya, kituo alichokianzisha James Ashe mwaka 1980, ambako nyoka hukamuliwa sumu. Wapo pia ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, ambako chatu hufugwa sebuleni kama sisi tunavyofuga paka. Kijana wa Moshi au Hai anayetafuta kibarua cha utalii anaweza kujikuta siku moja amekabidhiwa ufunguo wa kizimba na ndoo ya vifaranga, bila kufundishwa lolote zaidi ya kuambiwa awe mwangalifu.

Kwa ajili ya kijana huyo nataka kulichambua swali moja. Kwa nini nyoka aliyetulia wiki nzima, anayeshikwa na wageni wakapiga naye picha, hurukia mkono wa mtu siku ya chakula? Jibu la mitaani ni kwamba nyoka hana shukrani. Jibu la wahudumu wengi ni kwamba ana njaa, aongezewe chakula. Naona majibu yote mawili yanakosea, na kosa la pili ndilo baya zaidi kwa sababu linafanana na ukweli. Pupa ya nyoka ni jibu la ishara. Ishara hizo hutoka kwa binadamu, na mara nyingi ni mtunzaji mwenyewe aliyemfundisha nyoka kuzifuata, bila kujua kwamba alikuwa anafundisha.

Tuanze na jinsi nyoka anavyoutambua mlo. Hana masikio ya nje, na macho yake hushika mwendo kuliko umbo. Ulimi wake hukusanya harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa. Chatu ana kifaa cha ziada: vishimo kwenye magamba ya midomo vinavyohisi joto, kiasi kwamba gizani anaweza kulenga mnyama mwenye damu moto. Sasa mfikirie mhudumu aliyetoka kushika panya, mkono una harufu yao, una joto, na unasogea mbele ya kizimba. Kwa vipimo vyote alivyonavyo chatu, hicho ni chakula. Hajakasirika wala hajamsahau mtunzaji wake. Amekosea utambuzi, na amekosea kwa sababu ushahidi aliopewa ulikuwa wa uongo.

Hapa ndipo mtunzaji mzuri anapotofautiana na jasiri. Anajua kusoma hali mbili ambazo mgeni huziona kama moja. Nyoka mwenye hofu hujikunja kurudi nyuma na kutoa sauti. Kifutu hujaza hewa na kupuliza kwa nguvu, swila huinua kichwa na kutanua shingo. Anachotaka ni nafasi, na akiuma mara nyingi huachia. Nyoka mwenye pupa huwa kimya. Shingo inajikunja taratibu, ulimi unatoka na kuingia haraka, kichwa kinafuata kila kinachosogea. Huyu hataki nafasi, anataka kushika na kutoachia. Watu wengi huumizwa na ukimya huo, kwa kuwa wamezoea kudhani nyoka asiyepiga kelele ni nyoka mpole.

Kujifunza kwa nyoka kunapuuzwa sana. Watu wanakubali kwamba mbwa na kuku hujifunza, ila nyoka wanamwona kama kamba yenye meno. Lakini kama mlango wa kizimba hufunguliwa Jumamosi pekee, na kila Jumamosi analetewa kuku, baada ya miezi michache mlango wenyewe umekuwa kuku. Siku utakayoufungua ili ubadilishe maji, nyoka atakuwa ameshajiandaa. Kumwongezea chakula hakuondoi jambo hilo. Chatu aliyeshiba bado anaweza kurukia ishara, maana maumbile yake ni ya mwindaji wa kuvizia anayeweza kukaa wiki nyingi bila kupata windo, na windo likipita halirudi. Kulisha kupita kiasi kunamnenepesha, kunamharibia ini, na pupa inabaki palepale.

Dawa ni kumpa nyoka ishara mbili zisizofanana. Watunzaji wazoefu hutumia fimbo yenye ndoano. Kila mlango unapofunguliwa kwa shughuli isiyo ya chakula, fimbo inamgusa nyoka taratibu katikati ya mwili kabla mkono haujaingia. Fimbo haina joto, haina harufu ya panya, na siku zote huja bila chakula. Baada ya muda nyoka akiguswa nayo hulegea. Siku ya chakula fimbo haitumiki, na koleo ndiyo inayoingia. Mlango nao ufunguliwe mara kwa mara kwa sababu nyingine: maji, usafi, kukagua ngozi. Ni utaratibu mwepesi, lakini unavunjika kwa urahisi pale wahudumu wanapopokezana zamu. Mmoja akigusa kwanza, mwingine akaona ni kupoteza muda, basi nyoka hafundishiki tena. Bustani yenye wahudumu watatu wenye mazoea matatu ni hatari kuliko yenye mhudumu mmoja.

Wapo wanaosema suluhisho ni kumhamishia nyoka kwenye sanduku lingine kila anapokula, ili kizimba chake asikihusishe na chakula. Kwa nyoka mdogo asiye na sumu hoja hiyo ina uzito kidogo. Kwa chatu mkubwa siikubali. Utamhamisha akiwa tayari amenusa chakula, na utamrudisha akiwa ametoka kumeza, yaani utamshika nyakati mbili ambazo hatakiwi kushikwa kabisa. Anayesumbuliwa baada ya kula hutapika, na kutapika kunamchosha nyoka kuliko njaa ya mwezi mzima. Baada ya mlo aachwe angalau siku mbili, na zaidi ya hapo ikiwa windo lilikuwa kubwa.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya fundi seremala: kizimba cha vyumba viwili chenye mlango wa kuteleza katikati, unaovutwa kutoka nje. Nyoka akiwa chumba cha kwanza, mhudumu anaweka chakula chumba cha pili kilicho kitupu, anafunga kwa komeo, kisha anavuta mlango wa kati. Mtu na nyoka hawakutani. Fundi yeyote wa Sanya Juu mwenye mbao, wavu mgumu na reli ya kabati anaweza kukitengeneza. Mahali ambapo kizimba hicho hakipo, koleo iwe ndefu kuzidi umbali ambao nyoka anaweza kujirusha, na kwa nyoka wengi umbali huo ni kama theluthi hadi nusu ya urefu wa mwili. Windo lishikwe kiunoni, kichwa kikitangulia, chini ya usawa wa uso wa mtu. Nyoka wawili wasilishwe pamoja kamwe. Wakishika panya mmoja kila mmoja upande wake, atakayefika katikati ataendelea kummeza mwenzake. Swila na jamaa zake hawahitaji hata kisingizio hicho, kwa sababu nyoka wengine ni sehemu ya kawaida ya chakula chao.

Kuhusu chakula chenyewe, mazingira yetu yana mitego ambayo mwongozo ulioandikwa Ulaya hauitaji. Mtego wa kwanza ni sumu ya panya. Katika miji midogo kama Sanya Juu, Boma Ng'ombe na Himo, panya anayepatikana bure mara nyingi ni yule aliyekula sumu, na nyoka akimla anaila sumu hiyohiyo. Panya wa stoo hafai, hata awe mzima namna gani. Chura wa mtaroni huja na minyoo. Kinachofaa ni panya au sungura waliozalishwa kwa kazi hiyo, au vifaranga kutoka kwa wanaototolesha kuku.

Mtego wa pili ni baridi. Nyoka hana joto lake mwenyewe, na mlo hauyeyuki tumboni kama mwili haujapata moto. Chatu anahitaji sehemu ya kizimba yenye nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi ili amalize kazi ya kumeng'enya. Kazi hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utafiti juu ya chatu wa Burma uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake iliongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya kula. Mwili unaofanya hivyo ukinyimwa joto, nyama huoza tumboni badala ya kuyeyushwa, na nyoka huitapika au hufa nayo. Juni na Julai, ukungu unapokaa hadi saa nne asubuhi kwenye mteremko huu wa magharibi wa Kilimanjaro, nyoka asiye na taa ya joto asilishwe. Afadhali kumwacha bila kula hadi jua lirudi. Hata mwenye taa aangalie kama umeme utakuwepo usiku, na taa iwekewe wavu, maana nyoka hujizungusha kwenye kitu cha moto na kuungua bila kujitoa.

Halafu kuna suala la windo hai au lililokufa. Wageni hupenda kuona kuku akikimbizwa, na baadhi ya bustani hupanga siku ya chakula iwe onyesho. Napinga jambo hilo kwa nguvu zote, na sababu yangu ya kwanza inamhusu nyoka mwenyewe. Panya aliyefungiwa na nyoka asiye na hamu humng'ata, na vidonda vya macho na uti wa mgongo kwa nyoka wa vizimbani mara nyingi hutokana na hapo. Sababu ya pili ni mateso ya mnyama anayeliwa, na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Dhana kwamba windo lililokufa humlegeza nyoka, na lililo hai humfanya mkali, haina msingi. Windo lililogandishwa, likayeyushwa na kupashwa joto kwa maji ya moto ndani ya mfuko, huliwa vizuri na nyoka wengi, kwa sababu wanachotafuta ni harufu na joto. Lisipashwe jikoni kwenye sufuria ya nyumbani, wala kuhifadhiwa kwenye jokofu la familia. Panya na nyoka wote wanaweza kubeba vimelea vya salmonela, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi. Mhudumu anawe kwa sabuni kabla na baada, na aliyegawa panya asiende kufanya usafi wa vizimba kabla hajanawa na kubadili koti.

Yote hayo yanahusu nyoka ambaye kosa lake mara nyingi huishia kwenye majeraha. Nyoka wa sumu ni habari nyingine. Mwaka 1975 mtaalamu wa nyoka wa Ujerumani, Robert Mertens, aliyefanya kazi na wanyama hawa kwa miongo mingi kwenye makumbusho ya Senckenberg huko Frankfurt, alikuwa akimlisha nyoka wake wa nyumbani. Alikuwa nyoka wa Afrika wa jenasi ya Thelotornis, mwembamba, mwenye rangi ya kijiti kikavu, ambaye jamaa zake wanaishi Tanzania pia, wengine katika misitu ya Usambara. Nyoka huyo alimuuma. Mertens alifariki baada ya siku 18. Hadi leo hakuna dawa ya kuzuia sumu ya nyoka wa jenasi hiyo. Ninalisisitiza tukio hili kwa sababu linaondoa udhuru wa uzoefu. Aliyeumwa hakuwa kijana mgeni wa kazi. Alikuwa na miaka 80, na elimu yake ilizidi ya karibu kila mtu duniani, lakini siku ya chakula mkono wake ulikuwa karibu na kinywa cha nyoka, basi.

Kwa swila wanaotema sumu kuna jambo la nyongeza: miwani ya kinga inayoziba pande zote, kila siku, hata ukiona nyoka amelala. Kwa koboko sina ushauri wa kumlisha ana kwa ana, maana hapaswi kulishwa hivyo. Kizimba cha vyumba viwili ni lazima, la sivyo asiwepo.

Turudi kwa chatu, ambaye ndiye anayewadanganya watu zaidi. Nchini petu amezoeleka kama nyoka wa kuchezwa. Usukumani, vyama vya Bagoyangi na Bayeye vimejulikana kwa muda mrefu kwa kushika nyoka, na chatu huonekana kwenye ngoma za mashindano. Lakini elimu ya vyama hivyo hupatikana kwa mafunzo ya taratibu chini ya mkubwa anayejua dawa na tabia za nyoka. Anayeiga ngoma bila mafunzo anaiga sehemu ndogo. Chatu wa Afrika hufika mita tano na zaidi. Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa aina hii alitoroka kizimbani, akapita kwenye mfereji wa hewa na kuua watoto wawili wa miaka minne na sita waliokuwa wamelala. Mwenye nyoka alishtakiwa, na mwaka 2016 baraza la mahakama likamwona hana hatia ya jinai. Mwaka 2017 huko Hampshire, Uingereza, kijana mfugaji alikutwa amekufa chumbani, na mchunguzi wa vifo akahitimisha kwamba chatu wake wa mita 2.4 hivi alihusika katika kifo hicho. Mita 2.4 si chatu mkubwa. Ni urefu ambao mtu angemvisha mgeni shingoni bila kusita.

Ndiyo maana sheria ya watu wawili haina mjadala: chatu anayezidi mita mbili hashughulikiwi na mtu aliye peke yake, na siku ya chakula ndiyo kabisa. Wa pili hasimami nje akichati kwenye simu. Anasimama akitazama, mikono mitupu. Chatu akishika mkono, silika ya mtu ni kuvuta, nayo ndiyo mbaya, kwa sababu meno yamepinda kuelekea kooni na kila mvuto unayazamisha. Mwili wa nyoka ufunguliwe kuanzia mkiani, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mkia una nguvu ndogo. Maji baridi au spiriti kidogo mdomoni mwake humfanya aachie, kisha kichwa kisukumwe mbele kwanza ili meno yatoke. Aliyeshikwa ajitahidi kutulia. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2012 jaribio ambalo ndani yake waliwapa nyoka wabanaji panya waliokufa lakini waliowekewa moyo wa bandia unaodunda. Moyo ulipokuwa ukidunda, nyoka walibana kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Nyoka anasikia mapigo ya damu chini ya mikunjo yake, na mapigo ya mkono wa mtu yanamwambia kwamba kazi haijaisha.

Baada ya yote, nani anapaswa kuwa na nyoka? Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumkamata au kumfuga kunahitaji kibali. Biashara ya kimataifa ya chatu inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na Mei 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Chatu anayekutwa shambani Sanya Juu, hata akiwa amevimba kwa mbuzi wa mtu, si wa kuwekwa kwenye gunia na kupelekwa nyumbani. Aitwe ofisa wanyamapori wa wilaya. Sioni haja ya ufugaji wa nyoka majumbani kuenea hapa kwetu. Bustani zenye vibali zina kazi ya maana: zinafundisha watoto kumtambua kifutu, na zinasaidia kupatikana kwa sumu ya kutengenezea dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Kwa hiyo wahudumu wa bustani hizi wanastahili mafunzo yaliyoandikwa, koleo za urefu unaofaa, bima, na haki ya kukataa kulisha nyoka kwa ajili ya kuwafurahisha wageni. Mwajiri asiyevitoa asipewe kibali.

Na mpango wa hospitali uwepo kabla ya ndoo ya chakula. Jiwe jeusi halinyonyi sumu. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba ya kubana huongeza madhara. Macho yaliyotemewa na swila yaoshwe kwa maji mengi papo hapo. Aliyeumwa alazwe, kiungo kifungwe ubao kisitikisike, avuliwe pete na saa, na apelekwe. Kituo kijue mapema ni hospitali gani ya karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka ambao kinao, kwa kuwa dawa inayofaa kwa kifutu na swila haifai kwa kila nyoka wa mitini. Kwa mtu wa Sanya Juu hospitali kubwa ya rufaa ni KCMC, chini huko Moshi, na usafiri wa usiku kushuka Boma Ng'ombe haupatikani kila saa. Basi nyoka wa sumu alishwe asubuhi, siku ya kazi, gari likiwa na mafuta na dereva akijua kwa nini anasubiri.